Jembe la Mtoto Mbele ya Rais

Sisi tukaao Mulungwishi, karibu na machimbo ya Likasi, twaona vijana wengi wakiliacha jembe na kufuata shaba na kobalti, kana kwamba kulima ni kazi ya walioshindwa. Basi yafaa tutazame jinsi ndugu zetu wa Kenya walivyolipa jembe heshima.

Mwaka 1962, nchi yao ilipokaribia uhuru, vilianzishwa vyama vya watoto viitwavyo 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. (K ya nne ndiyo Kenya yenyewe!) Mfano ulitoka Marekani, ambako mwaka 1902 mwalimu A. B. Graham aliwakusanya watoto wa mashambani katika jimbo la Ohio.

Mwanachama hupanda mboga au hufuga kuku, naye huandika daftarini gharama na mapato yake. Katika maonyesho makubwa ya kilimo ya Nairobi, ambayo kwa desturi hufunguliwa na Rais, vyama vya wanafunzi huwa na mahali pao. Mgeni akiuliza mbegu gani, mbolea kiasi gani, faida kiasi gani, asiyelima hana jibu. Hilo ndilo nilisifulo, wala si kupeana mkono na wakubwa.

Vyama hivyo vilizorota miaka mingi, hata Rais Uhuru Kenyatta akavizindua upya mwaka 2021.

Kwetu, shule ya parokia yenye kipande cha ardhi nyuma ya darasa yaweza kuanza mvua za Novemba zinyeshapo, kwa mbegu za mahindi na daftari moja.