Usingoje Betri Ijae

Anayetaka kununua gari la umeme huuliza kwanza: likijaa linakwenda kilomita ngapi? Kwa mizunguko ya mjini swali hilo halina uzito, maana usiku gari linachajiwa nyumbani. Kwa safari ndefu halitoshi. Muulize muuzaji hivi: kutoka asilimia 10 hadi 80, kwenye chaja yenye nguvu, linachukua dakika ngapi? Akibabaika, nenda duka jingine.

Tutazame Norwei, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Oslo hadi Trondheim kwa barabara ya E6 ni takriban kilomita 500, karibu sawa na Nairobi hadi Mombasa. Njia inapita Lillehammer, inapanda milima ya Dovrefjell hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka. Gari lenye betri ya kilowati-saa 77, likienda kilomita 90 kwa saa wakati wa kiangazi, linaweza kula kilowati-saa 17 kwa kila kilomita 100. Januari, kipimajoto kikisoma 10 chini ya sifuri, weka hesabu ya 24. Safari nzima basi inadai kilowati-saa 120, na betri ina 77 tu. Pengo hilo, pamoja na akiba kidogo, linazibwa njiani.

Umeme wa nyumbani ni mkondo geu, ilhali betri hupokea mkondo mnyoofu peke yake. Ukichajia nyumbani, kifaa kilichomo ndani ya gari ndicho kinachoubadilisha, na katika magari mengi uwezo wake ni kilowati 11 hivi. Kituo cha kasi hufanya kazi hiyo nje, kwa mitambo yake yenyewe, kisha huusukuma umeme moja kwa moja kwenye betri kwa kilowati 150, hata 350.

Ila namba iliyoandikwa kwenye chaja ni ukomo wake. Gari ndilo linaloamua lipokee kiasi gani. Wakati wa kuchaji, ioni za lithiamu huhamia upande wa grafiti na kujipenyeza katikati ya tabaka zake. Betri ikiwa karibu tupu, nafasi ni tele. Ikielekea kujaa, mambo huwa kama gunia la mkaa: mwanzoni unamimina tu, mdomoni unashindilia kwa mkono. Ukilazimisha, lithiamu hujitanda juu ya grafiti ikiwa metali badala ya kuingia ndani, na betri inaharibika. Ndiyo maana kompyuta ya gari hupunguza nguvu mapema. Mara nyingi asilimia 20 za mwisho hula muda unaokaribia ule wa asilimia 70 zilizotangulia.

Kwa hiyo dereva mzoefu huingia kituoni akiwa na asilimia 10 au 15, hutoka akiwa na 60, na husimama mara mbili. Dakika 15 mara mbili ni bora kuliko saa nzima mahali pamoja. Hafiki na asilimia 2, kwa sababu chaja huharibika, na lazima abaki na umeme wa kumfikisha kituo cha mbele. Serikali ya Norwei iliona hilo mapema: mwaka 2015 shirika lake la Enova lilianza kutoa ruzuku ili barabara kuu zipate chaja za kasi angalau mbili kila kilomita 50.

Baridi huongeza shida ile ile ya ioni, kwa kuwa betri ikipoa ioni hutembea polepole. Magari mengi ya kisasa hupasha betri moto yakiwa bado barabarani, mradi dereva amechagua kituo kwenye ramani ya gari. Anayefuata ramani ya simu hajaliambia gari chochote. Anafika na betri ya baridi, na chaja ya kilowati 150 inaweza kumpa 40.

Mwendo nao una bei. Ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 120, ukinzani wa hewa unaongezeka karibu mara 1.8. Norwei hairuhusu kupita 110, na kwa maoni yangu sheria hiyo imeyasaidia magari haya kuliko matangazo yote ya watengenezaji.

Kero ya malipo, ya kila kampuni na programu yake ya simu, inapungua: tangu Aprili 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inavitaka vituo vipya vya kilowati 50 na zaidi vikubali kadi ya benki.

Inabaki foleni. Wakati wa Pasaka Wanorwei humiminika milimani, na magari yakizidi chaja, hesabu zote nzuri huvurugika. Siku hiyo anayeng'ang'ania asilimia 100 hujichelewesha yeye na kumzuia aliye nyuma yake, kwa ajili ya umeme ambao huenda asiuhitaji: baada ya Dovrefjell ni mteremko, na breki za gari lenyewe zinarudisha sehemu ya umeme kwenye betri.