Tarakilishi ya Linux ikikataa kuwaka, usikimbilie kuifuta

UMEME ukipotea Kitengela au Kajiado huku tarakilishi ikisasishwa, mashine huenda ikakataa kuwaka stima inaporejea.

Kwa mwenye saiba, mkasa kama huo mwishoni mwa Juni, wateja wakipiga foleni kuwasilisha ripoti za ushuru kabla ya makataa ya Juni 30, ni hasara. Hasara huongezeka fundi anaposhauri kila kitu kifutwe na mfumo uwekwe upya, hali stakabadhi za wateja huenda zingali salama ndani ya diski.

Linux, ambayo kiini chake kilibuniwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991, ina njia ya kujinusuru. Katika Ubuntu, mfumo uliozinduliwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kiini kipya kikiwekwa, cha awali huhifadhiwa.

Kwanza, mashine izimwe kabisa, kisha iwashwe huku kitufe cha Shift kikishikiliwa. Katika mashine za miaka ya karibuni, hubonyezwa Esc. Menyu ikitokea, ichaguliwe sehemu ya "Advanced options for Ubuntu", halafu kiini chenye nambari ya chini. Mashine ikiwaka, yaelekea kosa limo katika kiini kipya.

Pili, faili muhimu zinakiliwe kwenye flashi kabla ya lolote jingine.

Tatu, ifunguliwe terminali na kuandikwa sudo dpkg --configure -a, amri inayokamilisha kazi iliyokatizwa. Amri ya df -h /boot huonyesha iwapo nafasi ya viini imejaa. Ikiwa imejaa, sudo apt autoremove huondoa vile visivyohitajika, kisha amri ya kwanza irudiwe.

Hata viini vyote vikikataa, Ubuntu yaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, na faili zikaokolewa iwapo diski ni nzima.

Hitilafu ya Agosti 25, 2023 iliyoacha sehemu kubwa ya Kenya gizani ilidhihirisha kuwa umeme waweza kukatika bila ilani. Hivyo, ni heri kusasisha mashine ikiwa na betri ya akiba, na wakati ambapo hakuna wateja.

Na fundi akitaka kufuta, aulizwe kwanza: kiini cha zamani kimejaribiwa?