Lita Nane Dhidi ya Mlima

Kijiji cha Mwamgongo, kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, kwa miaka mingi kimefikiwa kwa boti kutoka Kibirizi. Saruji, mabati na sukari hushushwa ufukweni na kupandishwa kwa vichwa na mabega. Mashine inayosukuma boti haina gia za kupangua kufuata mzigo. Ina mbele, nyuma na huru, basi. Boti ikilemewa, propela huteleza zaidi ndani ya maji, mashine inanguruma, safari inakuwa ya polepole. Nguvu inayopotea kwenye kuteleza huko hugeuka joto, ila hakuna anayelihisi, kwa kuwa ziwa lenye takriban kilomita za ujazo 18,900 za maji hulimeza. Giaboksi ya oto kwenye pikapu nayo husukuma gari kwa kimiminika kinachoteleza, isipokuwa yenyewe haina ziwa. Ndiyo maana nasema anayechagua au kubadilisha giaboksi bila kuanza na swali la joto analipia upya ugonjwa uleule.

Undugu wa boti na pikapu hapa ni wa damu. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, akiwa kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alisajili hataza ya kifaa cha kuunganisha tabaini ya mvuke, inayozunguka kwa kasi kubwa, na propela ya meli, inayotakiwa kuzunguka taratibu. Gurudumu moja lenye mapanga hurusha kimiminika, la pili hukipokea na kuzungushwa nacho, na vyuma vyenyewe havigusani. Wazo hilo lilihamia nchi kavu. General Motors waliweka kiungo cha oili kwenye giaboksi ya Hydra-Matic, iliyotoka na Oldsmobile za modeli ya 1940, na mwaka 1948 Dynaflow ya Buick ikaja na toki konvata. Hiyo huongeza gurudumu la tatu katikati, linaloirudisha oili kwa pembe ya kusaidia, hivi kwamba gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha hukaribia kuwa mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Wanaosema oto ni ya wenye magari ya harusi tu wakumbuke kwamba Hydra-Matic hizo zilifungwa kwenye vifaru vyepesi vya Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Sasa tupige hesabu ya mlima. Uso wa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na migongo ya milima ya Gombe inakaribia mita 1,500. Pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, ikipanda mita 700, inahitaji megajuli 20 hivi kwa kuinuka tu, kabla ya kuhesabu matope na mawe. Tuwe wakarimu, tuseme giaboksi inapoteza sehemu moja ya kumi. Hizo ni megajuli 2 za joto. Oili lita 8 ina uzito wa kilo 7 hivi, na kila nyuzi moja ya joto inaichukua kilojuli 14. Kama joto lote lingebaki ndani ya oili, ingepanda kwa zaidi ya nyuzi 140. Kwa kweli chuma cha giaboksi hulichukua fungu lake na upepo huondoa jingine, lakini tumekuwa wakarimu upande wa pili pia: kwenye mwendo wa kutambaa, toki konvata ikiwa haijajifunga, upotevu hupita sana hiyo sehemu ya kumi. Na kipimo kinachozoeleka miongoni mwa wataalamu wa giaboksi ni kwamba oili ikishapita nyuzi 80, kila nyuzi 10 zaidi hupunguza maisha yake kwa nusu hivi.

Fundi huuona ushahidi huo anapofungua sampo. Oili nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Iliyoungua ni ya kahawia iliyokolea, inanuka kama kitu kilichobabuka, na sumaku za kwenye sampo zimeota ndevu za chembe za chuma. Ikiwa na rangi ya waridi na utando wa maziwa, maji ya rejeta yameingia. Hilo liliwapata wenye Nissan Pathfinder na Frontier kadhaa za kati ya 2005 na 2010 huko Marekani, ambako kula, yaani kipoza joto cha oili, iliyo ndani ya rejeta ilipasuka. Kufunga giaboksi nyingine nyuma ya rejeta ile ile ni kuipeleka machinjioni.

Hapo ndipo wengi husema: tupa oto, weka manyuali, sahani ya klachi inabadilishwa chini ya mwembe. Hoja hii ina uzito, na kwa anayenunua pikapu ya kwanza ya kubebea dagaa au kahawa ya Kalinzi ningeikubali bila ubishi mkubwa. Lakini manyuali hailifuti joto. Dereva anayeshikilia gari mlimani kwa nusu klachi analipeleka kwenye sahani kavu, na sahani haina hata hizo lita 8. Faida yake ni kwamba kinachoungua ni cha bei nafuu. Kuigeuza pikapu iliyozaliwa oto ni habari nyingine kabisa: unahitaji pedali, pampu ya klachi, flaiwili, propela shafti ya urefu tofauti, transfa inayooana kama ni ya kuvuta magurudumu manne, na kontroli boksi isiyoendelea kuitafuta giaboksi iliyong'olewa. Ukipata gari zima la kuchinjwa la aina hiyohiyo, sawa. Ukianza kukusanya kipande kimoja kimoja, achana nayo.

Wengine watasema rejeta tayari ina kula. Ni kweli, ila maji ya rejeta yenyewe hucheza karibu nyuzi 90, kwa hiyo hayawezi kuishusha oili chini ya hapo. Kula ya pembeni yenye feni yake, ikiunganishwa baada ya ile ya rejeta, inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya giaboksi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ziwa tulilonyimwa. Hata mkono wa dereva unasaidia: kuingiza gia nzito ya transfa kabla ya mwinuko mkali hupunguza kuteleza kwa toki konvata, ingawa mzigo ni uleule.

Kuhusu kununua, giaboksi nyingi za mtumba kutoka Japani hupatikana Dar es Salaam, kisha kuna kilomita 1,250 hivi za reli hadi Kigoma, kwa hiyo kurudisha iliyokosewa ni mzigo. Soma kwanza kibao cha gari kilichoandikwa aina ya giaboksi. Toyota huiweka kwenye mstari wa TRANS/AXLE. Hilux mbili za sura moja zinaweza kuwa na giaboksi zisizoingiliana. Kabla ya kufunga, mabomba ya oili na kula yasafishwe au yabadilishwe, maana chembe za giaboksi iliyokufa zimelala humo. Toki konvata ikae hadi mwisho kwenye meno ya pampu. Ikilazimishwa kwa bolti, pampu inavunjika hata kabla injini haijawaka. Na kwenye Hilux za karibuni, ambazo hazina kijiti cha kupimia, oili ya aina ya WS hupimwa kwa kizibo cha kumwagikia, injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe asubuhi, kabla jua la Kigoma halijaichemsha gari.