Kushuka Darasa si Tahadhari: Hisabati ya Lazima kabla ya Kuhamia Chuo Kikuu

Katika vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili ambavyo humwezesha mwanafunzi kusoma nusu ya kwanza ya shahada kwa ada nafuu na kisha kuhamia chuo kikuu, washauri wa masomo huulizwa kila muhula kama mwanafunzi anayeelemewa na hisabati ya lazima arudi kwanza kwenye aljebra ya chini ili ajenge msingi. Swali hili huulizwa kwa uzito wa pekee na familia zilizohamia huko kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambazo zimezoea mifumo ambamo mtihani mmoja wa taifa huamua mkondo wa masomo ya mtu kwa miaka mingi. Jibu lake, kwa walio wengi, ni hapana. Jibu hilo halina budi kutolewa waziwazi, kwa sababu kila muhula unaopotea katika kulitafakari upya humgharimu mwanafunzi fedha, muda na mara nyingi shahada yenyewe.

Imani ya kushuka ili kujenga msingi ina nguvu kwa kuwa inafanana na busara ya kawaida: nyumba haianzii kwenye paa. Hata hivyo, imani hiyo imesimama juu ya madai matatu ambayo hayasemwi, nayo ni kwamba mtihani uliompanga mwanafunzi katika ngazi ya chini ulimpima sawasawa, kwamba darasa la chini hufundisha kile hasa anachokikosa, na kwamba akishamaliza huko atarudi kwenye kozi aliyoikimbia. Madai yote matatu yamechunguzwa kwa miaka mingi, na hakuna hata moja lililosimama.

Kuhusu dai la kwanza, mitihani ya upangaji, yaani ile mifupi ya kompyuta iliyotumiwa kumgawia mwanafunzi mpya ngazi yake ya hisabati, ilibainika kukosea mara kwa mara, na wengi walioshushwa wangeweza kufaulu kozi ya juu kama wangeruhusiwa kuingia. Alama za miaka yote ya sekondari zilionekana kutabiri mafanikio ya mwanafunzi vizuri zaidi kuliko mtihani wa saa moja. Mtu aliyeacha darasa kwa miaka kadhaa kisha akafanya mtihani huo bila maandalizi hupimwa usahaulifu wake, si uwezo wake wa kujifunza.

Dai la pili linahitaji kutazamwa kwa karibu. Mwanafunzi anayejiandaa kusomea uuguzi huchukua takwimu, na humo hukutana na alama sanifu, yaani kipimo kinachoonyesha thamani moja iko mbali kiasi gani na wastani. Tuseme mtoto amezaliwa na kilo 2.6, wastani wa kundi lake ni kilo 3.3, na mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni kilo 0.5. Hesabu sahihi ni kutoa 3.3 kutoka 2.6, kisha kugawanya tofauti hiyo kwa 0.5, na jibu ni hasi 1.4, maana yake uzito huo uko chini ya wastani lakini si wa ajabu. Mwanafunzi anayebonyeza tarakimu zilezile kwenye kikokotoo bila mabano hupata hasi 4.0, kwa kuwa mashine hugawanya 3.3 kwa 0.5 kwanza na kupata 6.6, ndipo iitoe kutoka 2.6. Jibu hilo la pili lingemaanisha mtoto mwenye uzito wa nadra mno, na mwanafunzi aliyeelewa swali angelitilia shaka mara moja.

Kosa hilo ni la aljebra, na ni la kweli, lakini tiba yake ni mazoezi ya dakika chache juu ya mabano na mpangilio wa matendo, yakifanywa siku ileile ambayo mwanafunzi anayahitaji na juu ya swali ambalo maana yake anaiona. Kumrudisha muhula mzima akachambue vipeo na kurahisisha semi ambazo kozi ya takwimu haitamuuliza kamwe ni kumpa dawa nyingi ya ugonjwa asio nao, huku ule alio nao ukiachwa. Hata yale machache yanayohusika husahaulika kabla ya kozi ya juu kuanza, kwa sababu yalifundishwa bila kazi ya kufanya.

Dai la tatu ndilo lenye madhara makubwa zaidi, na huvunjwa na hesabu nyepesi. Tuchukue wanafunzi 100 walioanza ngazi mbili chini ya kozi ya lazima, na tukubali kwa ukarimu kwamba asilimia 70 hufaulu kila kozi na asilimia 80 ya waliofaulu hujiandikisha kozi inayofuata. Watakaofaulu ya kwanza ni 70, watakaoingia ya pili ni 56, watakaoifaulu ni 39, watakaofika kwenye kozi ya lazima ni 31, na watakaoifaulu ni 22. Kama wote 100 wangeingia moja kwa moja kwenye kozi ya lazima na nusu yao wakaanguka, bado wangefaulu 50. Kila kituo cha ziada njiani ni mlango wa kutokea, na hakuna ubora wa ufundishaji unaoweza kuuziba mlango huo, kwa kuwa watu hutoka kwa sababu za kazi, watoto, nauli na kukata tamaa.

Uhalisia ulithibitisha hesabu hiyo. Mwaka 2010, Thomas Bailey, Dong Wook Jeong na Sung-Woo Cho walichapisha uchunguzi wa zaidi ya wanafunzi 250,000 katika vyuo 57 vya majimbo saba, wakaonyesha kwamba ni takriban theluthi moja tu ya waliopangiwa hisabati ya awali, yaani ile ya ngazi za chini ya kozi ya lazima, waliomaliza mfululizo wote, na kwamba walioacha kwa kutojiandikisha kozi ya kwanza au inayofuata walikuwa wengi kuliko walioacha kwa kufeli. Katika mwaka 2013, vyuo vitatu vya jamii vya City University of New York viliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi waliohesabiwa kuwa wanahitaji aljebra ya awali: kundi moja lilisoma aljebra hiyo, la pili aljebra pamoja na warsha ya kila wiki, na la tatu liliingizwa moja kwa moja kwenye takwimu za ngazi ya chuo pamoja na warsha. Waliofaulu walikuwa takriban asilimia 39, 45 na 56 kwa mfuatano huo. Waliopewa kozi iliyoaminika kuwa ngumu zaidi ndio waliofanya vizuri zaidi.

California, yenye vyuo vya jamii 116, iliyachukulia matokeo ya aina hii kwa uzito. Sheria ya AB 705 ya mwaka 2017 ilivizuia vyuo kumlazimisha mwanafunzi kuingia kozi ya awali isipokuwa pale inapoonekana ni vigumu sana kwake kufaulu bila hiyo, na sheria ya AB 1705 ya mwaka 2022 iliukaza msimamo huo. Lakini mwanafunzi asiye na matokeo ya sekondari ya Marekani huenda akaombwa ajipange mwenyewe kwa kujibu dodoso, na hapo imani ya msingi humfanya ajishushe kwa mkono wake. Kushuka huko hutumia msaada wa fedha wenye kikomo, kwa kuwa ruzuku ya Pell ya serikali kuu hutolewa kwa muda usiozidi mihula 12 katika maisha yote ya mtu, na krediti za kozi ya awali hazihesabiwi kwenye shahada.

Wapo wanaohitaji kuanza mbali zaidi, hasa wakimbizi ambao vita viliwanyima shule ya msingi. Hao nao hawapaswi kupelekwa kwenye kozi za krediti za kulipia, bali shule za watu wazima na madarasa yasiyo ya krediti, ambayo katika vyuo vya jamii vya California ni ya bure.

Kwa aliye tayari darasani na anaelemewa, hatua ni chache na zote ni za wiki za mwanzo. Athibitishe kwanza kwamba kozi aliyomo ndiyo inayotakiwa, kwa kuwa uuguzi, saikolojia na sosholojia kwa kawaida huridhika na takwimu ilhali uhandisi hudai kalkulasi, na tovuti rasmi ya ASSIST huonyesha kozi zinazokubaliwa na kila chuo kikuu cha umma cha California. Ajiandikishe kwenye darasa la msaada linaloambatana na kozi hiyo. Aende kwa mhadhiri katika saa zake za ofisini akiwa na karatasi inayoonyesha mstari alipokwama, na afanye maswali huku ameufunga ukurasa wa majibu, kwa maana kusoma suluhisho la mtu mwingine si kutatua. Mwenye ulemavu au tatizo la kujifunza aombe mapema muda wa ziada wa mtihani. Anayefikiria kujiondoa ajue kwamba alama ya W, anayoandikiwa aliyejiondoa, huhesabiwa kati ya majaribio matatu ambayo kwa kawaida huruhusiwa kwa kozi moja, na kwamba mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kushuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Tarehe nayo haina huruma. Anayetaka kuingia University of California katika muhula wa vuli hana budi kuimaliza hisabati hiyo kwa daraja la C au zaidi kabla ya mwisho wa muhula wa machipuko unaotangulia, na masomo ya kiangazi hayamwokoi. Kwa hiyo kozi hii ichukuliwe katika mwaka wa kwanza, wakati bado ipo nafasi ya kuanguka mara moja, kurudia na kuhama kwa wakati.