Machozi kwa ajili ya sungura

Twajua kwamba wengi wenu mtacheka mkiona kichwa cha habari hii. Mtasema: Je, katika nchi ambamo watu wanazikana kila juma, mwalimu hana jambo jingine la kuandika ila kifo cha lapini? Chekeni kwanza. Kisha someni, hasa ninyi baba na mama ambao watoto wenu wanafuga sungura nyuma ya jiko, kwa maana siku moja jambo hili litaingia nyumbani mwenu. Mtoto atasimama mbele yenu na mnyama aliyekakamaa mikononi, naye atangoja neno lenu.

Katika Kivu watoto wengi hufuga sungura na simbiliki. Tumepata kumwona mwanafunzi mmoja, mwenye umri wa miaka kumi hivi, ambaye kila jioni baada ya masomo alikwenda kutafuta majani na matembele kwa ajili ya sungura wake mweupe. Asubuhi moja alifika darasani macho yamevimba. Tulipomwuliza hesabu hakujibu. Wenzake wakatujibia kwa ajili yake: sungura amekufa. Mmoja akaongeza, «Ni mboga tu! Mngalimla jana.» Darasa zima likacheka. Nyumbani nako, tulisikia baadaye, baba yake alimwambia: «Kama wamlilia sungura hivi, siku nitakapokufa mimi utalia namna gani?»

Hatumlaumu baba huyo; alikuwa amezika ndugu zake wawili katika miaka michache, na machozi ya mtoto juu ya mnyama yalimwonekea kama mchezo. Walakini alifikiri kwamba machozi ni kama feza katika sanduku, ambayo ukiitumia kwa kitu kidogo itakosekana kwa kitu kikubwa. Sivyo yalivyo. Mtoto aliyemlisha kiumbe kila siku, akajua anapenda majani gani na anaogopa mlio gani, huyo amejifunza kumwangalia mwingine. Na kwa watoto wengi kifo cha mnyama wao ndicho cha kwanza wanachokiona kwa karibu, kabla ya kile cha nyanya au cha babu.

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa wanafunzi. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemdanganya fisi na simba, si ndugu wa tumbo moja na sungura wa kizimbani. Yule wa porini huzaliwa mwenye manyoya na macho wazi, naye hulala juu ya ardhi kati ya majani. Huyu wa kufugwa, tunayemwita lapini, huzaliwa uchi na kipofu, na wazee wake walitoka Hispania na nchi za jirani, ambako huchimba mashimo. Wote wawili twawaita sungura, wala si vibaya.

Huyo wa porini ndiye aliyempatia mtu mmoja wa Ulaya faraja kubwa, na baadaye huzuni. William Cowper, mtunga mashairi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1731, alikuwa mtu wa moyo mzito. Mwaka 1773 huzuni ilimshinda kabisa, hata rafiki zake wakahofu juu ya uzima wake. Mwaka uliofuata watoto wa jirani yake katika mji mdogo wa Olney walikuwa na kitoto cha sungura cha miezi mitatu hivi. Walikuwa wamechoka kukitunza, nacho kikaanza kukonda. Baba yao akampa Cowper. Habari ikaenea, na watu wakamletea wengine wengi. Akabakiza watatu, akawaita Puss, Tiney na Bess, mawili kati yake yakiwa majina mfano wa majina ya wanawake, ingawa wote watatu walikuwa madume. Akajifanya seremala, akawajengea vyumba vya kulala.

Puss alipougua siku tatu, Cowper alimtenga na wenzake, akamtunza, akamlisha majani mbalimbali mpaka akapona. Na mnyama huyo alimlamba mkono, nyuma ya mkono kwanza, kisha kiganja, kisha kila kidole na katikati ya vidole, kana kwamba hataki kuacha mahali pasiposhukuriwa. Baadaye, alipotaka kwenda bustanini, alimpiga Cowper magoti kwa miguu yake ya mbele, na kama hakusikilizwa alimvuta koti kwa meno. Tiney alikuwa kinyume chake. Alitunzwa vilevile, lakini hakukubali kufugika; ukimgusa aliguna, akapiga kwa miguu, pengine akauma.

Sasa tazameni. Tiney alipokufa mwaka 1783, baada ya miaka zaidi ya minane, ni kwa ajili yake, yule mkorofi, Cowper alitunga shairi la kaburini kwa Kiingereza. Puss akatungiwa la Kilatini, jambo linalotupendeza sisi tuliotolewa jasho na lugha hiyo seminarini. Puss alikufa tarehe 9 Machi 1786, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja na miezi kumi na mmoja. Bwana wake aliandika katika karatasi zake kwamba alikufa adhuhuri, kwa uzee tu, bila maumivu ya kuonekana. Mtu mwenye elimu, ambaye mashairi yake yangali yakisomwa leo, hakuona haya kuandika saa ya kufa kwa sungura wake.

Lakini sungura wetu wengi hawafi kwa uzee. Wakitunzwa vema waweza kuishi miaka minane na zaidi. Wengi lakini hufa ghafula, na ghafula hiyo ndiyo inayomwumiza mtoto. Yafaa ajue sababu. Sungura ni windo la wanyama wengine, na windo linaloonyesha unyonge huliwa mapema. Kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka hawezi tena. Akiacha kula, tumbo lake husimama, na kwa siku moja au mbili aweza kufa. Joto kali la kizimba kisicho na kivuli humwua. Tena upo ugonjwa wa virusi unaovujisha damu ndani ya mwili, uliotambuliwa huko China mwaka 1984. Namna yake mpya ilionekana Ufaransa mwaka 2010, na mwaka 2020 ikaonekana Nigeria. Hauwapati watu, lakini sungura aliyekuwa mzima jana hukutwa amekufa leo. Hata mfugaji mwenye bidii hawezi kuona virusi katika majani. Mtoto atauliza kwa sauti au moyoni: «Ni mimi niliyemwua?» Mara nyingi jibu la kweli ni hapana, basi mwambieni hapana, mkamweleze.

Mwambieni pia neno lenyewe: amekufa. Msiseme amelala, kwa maana mdogo wake atamngoja aamke, pengine ataogopa kulala yeye mwenyewe. Msiseme amekimbia, kwa maana atamtafuta vichakani juma zima, na siku atakapojua kweli atakuwa na misiba miwili, wa sungura na wa neno la wazazi wake.

Kisha litakuja swali ambalo katekista huliogopa: Je, sungura wangu yuko mbinguni? Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mnyama huisha pamoja na mwili wake. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 na Papa Yohane Paulo wa Pili yasema wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwamba yaruhusiwa kuwapenda. Yakataza kuwatesa bure, tena yakataza kuwapa upendo uwapasao wanadamu tu. Naye Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliandika juu ya uzima wa milele ambamo kila kiumbe, kikiisha kugeuzwa na kung'arishwa, kitakuwa na mahali pake. Sisi humjibu mtoto hivi: Mungu aliyemwumba hamsahau. Hatuongezi, wala hatupunguzi.

Linabaki jambo gumu, nalo ni la kisu. Wageni wamefika, hakuna nyama, baba anakwenda kizimbani. Kula sungura si zambi, na jamaa nyingi hufuga kwa ajili hiyo hasa. Lakini kuna baba aliyemchinja sungura ambaye mtoto amempa jina, bila kumwambia neno, na mtoto akamtambua katika sufuria. Hilo twaliita ukatili, hata kama mchuzi ulikuwa mtamu. Patana na mtoto mapema, siku ya kwanza: hawa ni wa chakula na wa kuuzwa, huyu mmoja ni wako. Kisha shika neno lako, wageni waje wasije.

Aliyekufa mwenyewe asiliwe, wala asitupwe jalalani mbwa wamburute mbele ya macho ya mtoto. Chimbeni shimo refu mbali na kisima, mtoto akitaka achimbe pamoja nanyi, aweke jiwe au ua. Kisha wote wanawe mikono. Kama walikuwa sungura wawili waliokaa pamoja, wafugaji wenye ujuzi hushauri kumwacha aliye hai karibu na mzoga kwa saa chache. Atamnusa, atamgusa, pengine atalala kando yake; asipomwona atazunguka akimtafuta, na wengine hukataa kula. Siku zinazofuata mtoto amwangalie huyo sana, apate kazi.

Wala msikimbilie kununua mwingine sokoni kesho yake. Ngojeni mtoto aulize mwenyewe. Wakati huo kizimba kioshwe vizuri kwa maji na sabuni, kiwekwe juani siku nyingi, na mbao zikauke kabisa kabla ya kumtia mgeni. Cowper alikuwa na sungura watatu, nasi hatujawaambia habari za Bess. Alikuwa ametoka tu kuwa mkubwa alipoingia katika sanduku lake lililokuwa limeoshwa na bado lina unyevu, akashikwa na baridi, akafa.