Mashua Isiyo na Kiti cha Mgonjwa

Mwanamke aliyekatwa titi na kuondolewa tezi za kwapani hurudi nyumbani na orodha ya makatazo. Asibebe ndoo. Asitwange. Asishike jembe, asikamue mashuka, asipakate mtoto kwa mkono wa upande ule. Kwa miaka mingi wanawake wa Vancouver waliambiwa hayohayo wanayoambiwa wenzao wa Mbeya na Mombasa, na hoja ilikuwa moja: tezi zikishatolewa, maji ya limfu hukosa njia, na mkono ukitumikishwa utavimba na pengine usirudi tena hali yake. Hoja iliingia akilini. Ushahidi wake ndio uliokuwa haba.

Don McKenzie, daktari wa michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, jijini Vancouver nchini Canada, aliamua kuipima, tena kwa njia ya kichokozi. Alitafuta mchezo unaoutesa mkono, bega na kwapa kuliko mingine, akaupata kwenye mashua za joka. Hizi ni mashua za asili ya China, ndefu na nyembamba, zenye kichwa cha joka omoni. Wapiga kafi 20 hukaa wawiliwawili, mpiga ngoma hukaa mbele akiwatazama, mshika usukani husimama nyuma. Mwaka 1996 McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti, akawaanzishia mazoezi ukumbini, kisha akawashusha majini. Kufikia kiangazi walikuwa wanashindana na timu za watu wazima wa afya katika tamasha la jiji.

Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya wa mkono. McKenzie alichapisha maelezo yake mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Canada. Mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi wa Kathryn Schmitz wa Marekani, uliohusisha wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba, ulionyesha kwamba hata kunyanyua vyuma, kukianzwa taratibu na chini ya usimamizi, hakukuongeza uvimbe. Kwa mama wa mjini hiyo ni habari njema ya afya. Kwa mama wa kijijini anayeishi kwa jembe na ndoo ni habari ya riziki, na sijui ni wangapi wameshafikishiwa.

Lililompiga chenga daktari mwenyewe lilikuja baadaye. Jaribio lilikuwa la msimu mmoja. Msimu ukaisha, wanawake wakagoma kushuka kwenye mashua. Wakajipa jina, Abreast in a Boat, wakatafuta fulana za waridi, wakaanza kuwafundisha wengine. Leo kuna mamia ya timu za namna hiyo duniani, na tangu 2010 zina shirikisho lao la kimataifa linaloandaa mashindano makubwa kila baada ya miaka michache. Yale ya 2018 yalifanyika Florence, Italia, mtoni katikati ya mji.

Unaweza kusema ni raha ya mazoezi, au urafiki. Vyote vimo. Mimi naona siri iko kwenye mpangilio wa viti. Ndani ya mashua ile kila aliyekaa ana kafi mkononi, na kafi ikichelewa nusu pigo inagongana na ya aliye mbele. Hakuna nafasi ya mtu wa kuhurumiwa. Watu 19 wanakuhitaji upige pigo lako kwa wakati, na kama hukufika mazoezini Jumamosi, mashua inaenda upande.

Sasa tazama tunavyowafanyia walio kwetu. Mgonjwa wa kansa akitoka hospitali, jamaa hujaa nyumbani. Uji wa lishe unakuja, supu inakuja, maombi yanafanyika, dua inasomwa. Hilo ni jema na lisiguswe. Lakini miezi kadhaa baadaye, mionzi imeisha, nywele zimeota, daktari amesema arudi baada ya miezi sita, na mama huyu anakwenda kwenye shughuli ya jirani. Anakaribia kundi la wanaomenya vitunguu saumu ili ashike kisu. Wanamwinua. "Dada, wewe kaa. Pumzika." Analetewa kiti cha plastiki kivulini, na soda. Kwenye kikoba chao ameshavuliwa uhazini "mpaka apate nguvu", na aliyeshika daftari sasa hana haraka ya kulirudisha. Kila mtu anamtakia heri, na kila mtu anamnyang'anya kazi.

Hali hii ilielezwa mapema na mtu aliyeionja. Fitzhugh Mullan, daktari wa watoto wa Marekani, aligundulika na saratani kifuani mwaka 1975 akiwa na miaka 32. Miaka kumi baadaye aliandika katika jarida maarufu la tiba kwamba utabibu umekuwa hodari wa kuwaokoa watu wanaozama, lakini ukishawavuta nje ya maji unawaacha gatini wakikohoa peke yao. Makala ile ilisaidia kuzaa harakati nzima: mwaka uliofuata yeye na wenzake walianzisha chama cha kitaifa cha manusura, kilichodai kwamba maisha baada ya matibabu yana mahitaji yake. Kule New York, mtaalamu wa magonjwa ya akili William Breitbart, ambaye naye aliwahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, alitunga tiba ya mazungumzo juu ya maana ya maisha, akichota kwa Viktor Frankl, tabibu wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi. Tiba hiyo imejaribiwa na inasaidia. Ila inahitaji mtaalamu na chumba, na sehemu nyingi za kwetu mtaalamu wa namna hiyo hayupo.

Aliyekuwepo siku zote ni mgonjwa wa jana. Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser aliamka kutoka usingizi wa dawa akakuta titi limeondolewa. Hakuna aliyemweleza afanyeje na mkono, avae nini, amwambie nini mumewe. Akajifunza mwenyewe, kisha akaanza kupita wodini kwa wanawake wengine akiwa na mfuko wenye mpira mdogo wa kuminya, kamba ya kunyooshea mkono, na titi la muda la kuvalia ndani ya sidiria. Madaktari hawakupendezwa. Mama asiye na koti jeupe anaingia wodini kwao kufundisha mazoezi! Zipo hospitali zilizomfukuza. Hakuacha. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliuchukua mpango wake, na mwaka 1974 ukavuka kwenda Ulaya. Msingi wake ni mwepesi: anayekutembelea awe amepita ulipopita wewe, na asikupe ushauri wa dawa. Kazi yake ni kukaa mbele yako akiwa hai, amevaa gauni lililomkaa vizuri.

Hilo la mwisho, kwetu, lina uzito kuliko Marekani. Hapa kansa tunaisikia zaidi matangani. Aliyepona hunyamaza, kwa aibu, kwa hofu ya kuambiwa amerogwa, au kwa kuwa binti yake hajaolewa. Matokeo yake mtaa mzima unawajua waliokufa tu. Mwanamke akigusa uvimbe kifuani, picha inayomjia ni jeneza, na badala ya kwenda kliniki anakwenda kwa mganga au anauficha chini ya kanga. Ndiyo maana wengi wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Bango la wizara halifui dafu mbele ya picha hiyo. Mtu mzima anayejulikana mtaani, akisimama baada ya ibada au kwenye baraza la mwenyekiti na kusema mimi nilikuwa nayo, hulifua.

Kampala walilielewa mapema. Mwaka 2004 wanawake waliopona walianzisha UWOCASO, shirika la kusaidiana la wanawake wenye saratani, na wanachama wake hufika Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, kuzungumza na wanaoanza matibabu. Nairobi, Shaira Adamali alianzisha kituo cha Faraja mwaka 2010 baada ya kutibiwa saratani ya matiti. Huko mgonjwa hupata ushauri nasaha, kukandwa mwili, hata somo la sanaa, bila malipo. Kenya hiyohiyo, miaka hiyo, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akiwa waziri wa huduma za tiba, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume, na baadaye waziri mwenzake wa afya ya umma, Beth Mugo, akasema yake ya matiti. Walitibiwa Marekani, na wananchi hawakukosa kuliona hilo. Hata hivyo kunyamaza kulivunjika juu kabisa serikalini, na mwaka 2012 sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ikapita.

Upande wa matukio ya ujasiri tunaujua vizuri kuliko tunavyodhani, maana mengine yanafanyika uani kwetu. Sean Swarner, Mmarekani, aliugua saratani mbili tofauti kabla ya kutimiza miaka 17 akabaki na pafu moja linalofanya kazi. Mei 2002 alifika kilele cha Everest akiwa na bendera iliyoandikwa majina ya watu walioguswa na saratani. Tangu hapo amekuwa akirudi Kilimanjaro mwaka baada ya mwaka na manusura wenzake. Mita 5,895 si mchezo hata kwa mwenye mapafu mawili. Terri Wingham wa Canada, aliyegundulika na saratani ya matiti akiwa na miaka 30, alimaliza matibabu akajikuta hajui afanye nini na uhai aliorudishiwa, akaenda kujitolea Afrika Kusini. Aliporudi alianzisha A Fresh Chapter, shirika linalowapeleka manusura kujitolea nchi za mbali, India ikiwa miongoni mwa za kwanza.

Nina neno hapa. Msomaji wa Moshi amewaona wageni wanaokuja kutafuta maana ya maisha yao mlimani huku wagumu, yaani wapagazi, wamewabebea hema, meza na mayai, kila mmoja na mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20. Msomaji wa Arusha amewaona wanaojitolea wiki mbili kwenye kituo cha watoto, wakapiga picha, wakaondoka, na mtoto akaanza kumzoea mwingine. Tusijidanganye kuhusu nani anafaidika zaidi katika safari za aina hiyo. Lakini simkatalii manusura wa Vancouver safari yake, na katika sababu zote za kuja Afrika, hii ya mtu aliyetoka kwenye kemo naiona ina haki kuliko nyingi. Ninachokataa ni fikra kwamba lazima uende mbali. Mama aliyetoka Kigoma na begi moja, akalala kwenye kiti cha basi hadi Dar es Salaam, akapanga foleni ya mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa wiki kadhaa bila ndugu mjini, amekwisha kusafiri. Hahitaji mlima. Anahitaji mtu amwambie kwamba ile njia aliyoipita, akijua basi gani, hosteli ipi, karatasi gani ya rufaa isisahaulike, ni ujuzi, na kwamba kuna mwingine Kasulu anayeanza safari hiyo Jumatatu bila kujua lolote.

Wala si kila mtu anataka. Mwandishi Barbara Ehrenreich, aliyeugua saratani ya matiti, aliandika mwaka 2001 makala kali akishutumu furaha ya lazima na utepe wa waridi, na desturi ya kumtaka mgonjwa aushukuru ugonjwa wake kwa kumfanya mtu bora. Alikuwa na haki. Kuna anayemaliza matibabu akataka tu kurudi kuuza vitenge vyake na asikumbushwe. Kuna ambaye kemo imemwachia ganzi nyayoni, na kupanda kilima kwake ni hatari. Huyo amsikilize daktari kwanza. Kumwita kila mmoja shujaa ni kumtwisha kazi nyingine.

Na wapo wanaofariki. Wale wapiga kafi wa Vancouver hawakulificha jambo hilo. Kwenye mashindano yao, mbio za mwisho zikiisha, mashua husogeleana, wanawake hushikana ubavu kwa ubavu, kisha hurusha maua ya rangi ya waridi majini kwa ajili ya waliokuwa nao msimu uliopita. Msimu unaofuata kiti kinakaliwa na mgeni.

Kwa hiyo kama kuna hospitali, kanisa, msikiti au kikoba kinachotaka kuwapa manusura kazi, kianze na mambo madogo yanayoua mipango mikubwa. Kitambulisho, ili mlinzi wa getini asimrudishe kama Lasser alivyorudishwa. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa sababu anayejitolea bure bado analipa daladala, na akiba yake iliishia kwenye vipimo. Chai. Benchi lililo mbali kidogo na dirisha la malipo, watu waweze kuongea. Mafunzo mafupi ya kusikiliza, na katazo kali la kuuza dawa za majani. Muuguzi mmoja mwenye jina linalojulikana, wa kupokea taarifa zake. Na siku mgonjwa aliyekuwa akimtembelea amefariki, muuguzi huyo ampigie simu jioni ileile, amwache akae nyumbani wiki mbili, kisha apige tena kumuuliza atashika zamu lini.