Waranti za zana za kijeshi: nani hulipa silaha ikiharibika?

Ukinunua friji dukani, unapewa karatasi ya waranti. Likiharibika kabla ya muda kwisha, aliyekuuzia analitengeneza. Je, serikali ikinunua kifaru au kombora, mambo huwa hivyo hivyo?

Marekani ilijaribu. Katikati ya miaka ya 1980, sheria iliitaka Wizara ya Ulinzi kudai waranti kwa silaha yenye bei ya zaidi ya dola 100,000 kwa moja, au ununuzi wa jumla unaozidi dola milioni 10. Mtengenezaji alitakiwa kuahidi kwamba silaha imeundwa kama ilivyokubaliwa, haina kasoro ya malighafi wala ufundi, na inafanya kazi iliyokusudiwa.

Nia ilikuwa njema, lakini hesabu zilikataa. Mwaka 1996 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo, ilikadiria kuwa waranti hizo zinagharimu takriban dola milioni 271 kwa mwaka. Kwa kila dola 19 zilizolipwa, faida ya moja kwa moja ilikuwa dola 1 tu. Mwaka 1997 sheria hiyo ikafutwa.

Tatizo lilikuwa wapi? Kwanza, waranti si ya bure. Kampuni huiweka ndani ya bei, na kadiri hatari inavyokuwa kubwa ndivyo bei inavyopanda.

Pili, ni usimamizi. Fundi wa jeshi anataka gari litembee leo. Anachukua kipuri stoo, anafunga, na kile kibovu anakitupa bila kuangalia kama kina waranti. Hapo jeshi limelipa mara mbili.

Hata hivyo, waranti ikiandikwa vizuri inasaidia. Mwaka 2016 GAO ilieleza kuwa Walinzi wa Pwani wa Marekani, kwa boti zao za doria aina ya Fast Response Cutter, walimbana mjenzi agharamie kasoro zake mwenyewe. Kwa meli kadhaa za jeshi la majini, bili kubwa ilibaki kwa serikali.

Kwa hiyo, ukisikia nchi yoyote imenunua zana mpya, usiulize bei peke yake. Uliza waranti inaanza siku gani, inaisha lini, nani anatunza rejista, na kipuri kibovu kinapelekwa wapi. Majibu yakikosekana, anayelipa ni mwananchi, na anayebaki na gari bovu ni askari aliye zamuni.